Kila mtoto wa fainali apande na orkestra

Binti wa dada yangu kapiga koncheto ya tarumbeta ya mtunzi Haydn kwa miezi saba, kila jioni nyuma ya nyumba akishamaliza kuosha vyombo, majirani wote sasa wanaijua, kuna katoto ka miaka minne hapo mlango wa pili kanaiimba kakicheza kwenye vumbi, na katika miezi saba yote hiyo orkestra, lile kundi la wapigaji wa kumsindikiza, hakukutana nayo hata siku moja. Alikuwa anapiga na simu. Anaweka sauti ya orkestra kwenye simu, anaiunganisha na kaspika ka bluutuuthi, anasimama mbele yake na tarumbeta kama vile kuna watu arobaini pale wamevaa nyeusi. Sasa simu haimsubiri mtu. Akichelewa kuvuta pumzi imeshapita, kwahiyo kajifunza kupumua haraka haraka ili asiachwe nyuma, na hiyo tabia ndo inamsumbua mpaka leo.

Siku ya mashindano aliyokuwa anajiandaa nayo ikafika, akasimama mbele ya majaji akapiga na piano kama wenzake wote wanne wa fainali, akawa wa pili. Wa kwanza ndo anapewa nafasi ya kupiga na orkestra. Wa pili anapewa cheti na kupeana mkono, wa tatu vilevile, wa nne na wa tano wanaambiwa wajitahidi mwakani. Mashindano yenyewe siyataji jina na sina ugomvi na mtu, majaji walifanya kazi yao, na yule kijana wa vayolini aliyeshinda alistahili kabisa, nilimpigia makofi mpaka viganja vikauma. Kinachonikaa rohoni ni huo mpango, kwamba watoto watano tunawafundisha mwaka mzima muziki ulioandikwa kwa orkestra, alafu orkestra anaionja mmoja.

Kwa wasiofuatilia haya mambo, koncheto ni muziki wa mtu mmoja anayesimama mbele na chombo chake huku orkestra nzima iko nyuma yake. Saa zingine inamsindikiza, saa zingine inabishana naye, saa zingine inanyamaza kabisa anabaki peke yake kwenye kile kipande kinaitwa kadensa. Nyingi zina sehemu tatu, ya haraka, ya polepole, alafu ya haraka tena. Kwenye mashindano raundi za mwanzo kawaida zinapigwa na piano, yaani mpiga piano anabeba kazi ya watu arobaini kwa vidole kumi, na mshindi ndo anafikishwa kwa orkestra. Vyuo vingi vya muziki vya Marekani na Ulaya wana mashindano ya namna hii kila mwaka na kwao yanaeleweka, manake mwanafunzi wa kule akishindwa leo, wiki ijayo yuko ndani ya orkestra hiyohiyo, kakaa kwenye vayolini za pili, anasikia kutoka ndani jinsi yule wa mbele anavyosubiriwa na kufuatwa. Hajapata solo lakini somo kalipata. Mtoto wetu wa hapa Kampala akishindwa anarudi kwa simu.

Hapo ndo tulipokosea, tumechukua umbo la mashindano ya watu wenye orkestra kila mtaa tukaliweka mahali ambapo orkestra ni chache kuliko vidole vya mkono mmoja. Pale kwao zawadi ni heshima tu ya ziada. Kwetu hiyo zawadi ndo darasa lenyewe, na darasa huwezi kumpa mmoja kati ya watano ukasema umefundisha.

Na ukiyaangalia yale makubwa kabisa ya dunia, kumbe hata wao hawafanyi hivi. Kule Brussels kuna mashindano ya Malkia Elisabeth, yalianza 1937 yakiitwa kwa jina la mpiga vayolini Eugène Ysaÿe na mwaka huo akashinda David Oistrakh. Sikuizi wapiga vayolini wanaofika fainali wanakuwa 12, na wote 12 wanapiga na orkestra. Tena kabla ya hapo kila mmoja anakaa kama wiki nzima kwenye nyumba maalum, hana simu, hana mwalimu, kapewa koncheto mpya ambayo hakuna mtu kawahi kuisikia ajifunze mwenyewe. Kule Texas kwenye mashindano ya Van Cliburn wapiga piano 6 wa fainali kila mmoja anapiga koncheto mbili, sio moja, ndo pale 2022 yule kijana wa Korea Kusini Yunchan Lim alishinda akiwa na miaka 18 tu. Van Cliburn mwenyewe, mpiga piano wa Marekani, alikuwa kijana wa miaka 23 alipoenda Moscow 1958 akashinda mashindano ya Tchaikovsky mbele ya Warusi, wakati wa vita baridi. Sasa nakuuliza, kama wao ambao mtoto wao kaanza kusikia orkestra tangu tumboni wanaona vema wote wa fainali wapande, sisi tunabana kwa nini?

Mtu ataniambia mashindano lazima yawe na mshindi. Sawa, na mimi nayapenda mashindano, sitaki yafutwe. Yule binti asingekuwa anaamka saa kumi na moja alfajiri kupiga noti ndefu ndefu kabla ya shule kama hakukuwa na tarehe ukutani. Tarehe inamfanya mtoto awe makini. Mpeni mshindi kikombe, mpeni na hela, na jina lake liandikwe kubwa kwenye bango. Orkestra ndo msimpe peke yake.

Alafu kuna jambo la majaji, hili nalisema kwa upole. Cheo cha kwanza na cha pili kwenye muziki hakipimwi kwa futi. 1980 kule Warsaw kwenye mashindano ya Chopin, ambayo yapo tangu 1927, kijana mmoja wa Yugoslavia anaitwa Ivo Pogorelich alikatwa kabla ya fainali, na Martha Argerich, ambaye mwenyewe alishinda hapohapo 1965, akajiuzulu ujaji kwa kupinga. Yule kijana akaja kuwa mmoja wa wapiga piano wanaojulikana sana duniani. Kama masikio makubwa vile yanaweza kutofautiana mpaka mtu anaondoka, basi tofauti ya alama mbili tatu kati ya mtoto wa kwanza na wa pili hapa kwetu ni kamba nyembamba sana ya kufunga kitu kizito kama hicho. Na hapa mjini walimu wa muziki huu ni wachache, wote tunajuana, jaji wa leo ndo mwalimu wa mtoto wa leo au alimfundisha mwaka juzi. Simshuku mtu. Lakini mwalimu akitoka mezani wakati mwanafunzi wake anapiga, na raundi ya kwanza ikifanywa nyuma ya pazia kama orkestra nyingi za Marekani zinavyofanya zikitafuta wapigaji wapya, hata yule mama aliyepanda taksi kutoka Mukono na mwanae anarudi na roho safi.

Sasa nije kwenye kitu kinachoniuma zaidi, matarumbeta.

Mi nimezaliwa na kukulia kambini. Mzee wangu alikuwa askari na Kiswahili changu ni cha kambi, kile ambacho wakati huo watu wengi wa mjini walikuwa wanakiogopa kwasababu walikisikia usiku kwenye roadbloki. Lakini kwa sisi watoto wa kambi Kiswahili kilikuwa ni lugha ya buruji na bendi. Asubuhi buruji inalia, inaamsha watu. Buruji haina vitufe, ni bomba tu la shaba, kwahiyo ina noti chache zilizoachana achana, ukitaka kuimba do re mi zikiwa zimefuatana kwenye sauti ya chini huwezi, haziko. Alafu jioni bendi inafanya mazoezi uwanjani na pale ndo unasikia tarumbeta lenye vitufe linatembea ngazi zote bila kuruka, na mimi nikiwa na miaka sita nilidhani ni muujiza, nilikuwa nakaa kwenye nyasi nikimtazama vidole yule afande mpaka mama aje kunitoa.

Miaka mingi baadaye ndo nikaja kujua kwamba Haydn aliandika muujiza huohuo. 1796 rafiki yake pale Vienna, Anton Weidinger, mpiga tarumbeta wa ikulu, alikuwa anatengeneza tarumbeta lenye matundu na vifuniko ili liweze kupiga noti zote. Matarumbeta ya wakati huo yalikuwa kama buruji yetu tu. Haydn akamwandikia koncheto, na ikapigwa hadharani Machi 1800. Na angalia ujanja wake: orkestra inaanza, inapiga mda mrefu, tarumbeta anadondosha noti chache tu za kawaida ambazo buruji yoyote ingeweza, watu wanatulia wanaona aa ni lilelile tarumbeta tunalolijua. Alafu solo inaingia. Noti tatu za kwanza za ule wimbo ni do, re, mi, pale chini, zikipanda pole pole kama mtoto anayepanda ngazi. Kwetu leo si kitu, mtoto wa darasa la tatu anaziimba. Kwa wale watu siku ile ilikuwa ni chombo kinaongea kwa mara ya kwanza. Nilimweleza binti yetu habari hii tumekaa kwenye kibaraza tunakula rolex, ile chapati ya mayai, na kesho yake zile noti tatu alizipiga tofauti, taratibu, kama mtu anayejaribu kama sakafu itambeba.

Ninachotaka kusema, Uganda ni nchi ya matarumbeta. Yalikuja na KAR, lile jeshi la Waingereza wakati wa ukoloni, yakaja na polisi, yakaja na shule za wamisheni, na leo huwezi kumaliza Jumamosi Kampala bila kukutana na bendi kwenye harusi au maandamano ya shule. M-Lisada ilianzishwa 1996 na watoto wa mitaani wenyewe, watoto waliokuwa wanalala nje, wakajifunza matarumbeta na bendi ndo ikawa nyumba yao. Brass for Africa nao wamefundisha watoto wengi sana wa mitaa ya shida hapa mjini. Watoto hawa wana midomo ya chuma, wanaweza kutembea kilomita nyingi juani huku wanapiga. Lakini tukisema mashindano ya kupiga na orkestra, fikra ya watu inaenda moja kwa moja kwa piano na vayolini, yaani kwa watoto ambao wazazi wao wameweza kununua piano. Mtoto wa bendi hata fomu haimfikii.

Waingereza waliliona hili mapema. Mashindano yao ya BBC ya vijana yalianza 1978, na wakayagawa kwa vyombo, nyuzi peke yake, filimbi peke yake, matarumbeta peke yake, piano peke yake, kila kundi likatoa mtu wake kwenda juu. Aliyeshinda mwaka ule wa kwanza kabisa alikuwa ni mpiga tromboni, lile tarumbeta kubwa la kuvuta, Michael Hext. Tromboni! Kama wangewachanganya wote tangu mwanzo sidhani kama mtu angemsikiliza mpiga tromboni dakika mbili. Ni mashindano hayohayo ambayo 2016 yalimtoa Sheku Kanneh-Mason na chelo yake, ile kama vayolini kubwa inayopigwa mtu amekaa, kijana wa miaka 17 kutoka Nottingham ambaye mama yake ni wa Sierra Leone, na miaka miwili baadaye dunia nzima ikamwona anapiga kwenye harusi ya Harry na Meghan. Watoto wangapi hapa kwetu walichukua chelo kwa sababu ya ile harusi siwezi kuhesabu lakini wawili nawajua.

Watu wa hesabu watasema orkestra ni gharama, wapigaji wana kazi zao mchana, ukumbi unalipiwa, jenereta inakunywa dizeli. Ni kweli yote. Lakini tupige hesabu pamoja. Sehemu ya kwanza ya Haydn ni dakika saba hivi. Watoto watano, kila mmoja sehemu moja tu ya koncheto yake, hiyo ni nusu saa na kidogo ya tamasha. Mazoezi ya dakika ishirini kwa kila mtoto haifiki saa mbili. Jioni moja tu! Mshindi mnaweza kumwachia apige koncheto nzima mwishoni, ndo heshima yake hiyo.

Na wala haihitaji orkestra ya watu arobaini. Hapa naomba nimlete mtunzi Vivaldi, manake watu wengi wanamjua kwa nyimbo za kwenye simu za kusubiri na hawajui alikuwa anafanya kazi wapi. Kuanzia 1703 alikuwa mwalimu wa vayolini kwenye Ospedale della Pietà kule Venice, na Pietà ilikuwa ni nyumba ya watoto walioachwa. Wasichana walioachwa mlangoni wakiwa wachanga walilelewa pale, na wenye kipaji wakafundishwa muziki, wakapiga kanisani wakiwa juu nyuma ya vyuma vya dirisha, watu wakasafiri kutoka nchi zingine kuja kuwasikia bila hata kuwaona sura. Vivaldi kaandika koncheto karibu 500 maishani na nyingi alikuwa anawaandikia wasichana hao. Ndo maana zipo za kila namna, za vayolini mbili, za vayolini nne, za fagoti, ya tarumbeta mbili. Alikuwa na wanafunzi wengi wenye vyombo tofauti na kila mmoja alihitaji siku yake ya kusimama mbele. Wale wenzake waliobaki ndo walikuwa orkestra, na nyingi ya koncheto hizo zinatosha nyuzi na kinanda kimoja tu, kesho wanabadilishana.

Fikiria hilo jambo vizuri. Koncheto, hii tunayoiona ni ya watu wa suti na tai, ilikulia mikononi mwa watoto yatima, kwenye nyumba ambayo ukiniuliza mimi inafanana zaidi na M-Lisada kuliko na ukumbi wowote wa kifahari. Na ilikuwa inazungushwa. Kwahiyo nikisema kila mtoto wa fainali apate zamu siombi jipya, naomba turudi kwenye kazi ambayo huu muziki uliandikiwa.

Tena zipo za kuwapandisha watoto wawili kwa mpigo, ile ya Bach ya vayolini mbili, ile ya Vivaldi ya tarumbeta mbili. Mtoto wa Gulu na mtoto wa Jinja hawajawahi kuonana, wapewe koncheto moja, wakutane siku tatu kabla. Utaona kama hawatasikilizana.

Kusikilizana ndo neno lenyewe. Mfumo wetu wa mitihani, ile ya ABRSM ya kutoka London ambayo imekuwepo tangu 1889, gredi ya kwanza mpaka ya nane, mimi siupingi, umewapa watoto wetu ngazi ya kupanda na karatasi inayotambulika popote. Lakini mtihani ni mtoto, msahihishaji, na mlango umefungwa. Unaweza kumaliza gredi nane na hujawahi kukaa katikati ya watu ishirini ukalazimika kushusha sauti yako ili mwenzako asikike. Na cha ajabu ni kwamba sisi Waganda tuna shule ya kusikilizana ya zamani kuliko hiyo mitihani. Nenda ukaone amadinda inavyopigwa, mbao kumi na mbili zimelala juu ya migomba miwili, mmoja kakaa huku mwingine kule, wanatazamana, omunazi anaweka noti zake, omwawuzi anaingiza zake katikati ya zile, kwenye nafasi zilizobaki, kwa spidi ya kutisha, na wimbo unaousikia wewe hakuna hata mmoja wao anayeupiga peke yake, unazaliwa pale katikati yao. Mtoto aliyekaa kwenye amadinda mwaka mmoja hawezi kuwa na tabia ya kukimbia mbele ya orkestra. Walimu wa vayolini na piano wangewapeleka watoto wao huko hata Jumamosi moja moja wangeniambia matokeo. Profesa Justinian Tamusuza wetu alilijua hilo, alichukua akili ya muziki wa Buganda akaiandikia vayolini na chelo, na Kronos Quartet wa Marekani wakairekodi, ikatoka 1992. Muziki wake ungekuwa kwenye orodha ya lazima ya mashindano yetu. Kwenye hiyo fainali yetu vipande vyote vitano vilikuwa vya Ulaya, na mimi navipenda, nimeandika makala nzima juu ya Haydn hapa, ila inauma mtoto wa Kampala kufika fainali Kampala bila kupiga hata mstari mmoja wa mtu wa kwao.

Jirani zetu pia tungewatumia. Nairobi wana orkestra tangu 1947 na chuo cha muziki, Conservatoire, tangu 1944, na pale Korogocho kuna Ghetto Classics tangu 2008, watoto wa karibu na jalala la Dandora wanapiga vayolini na saksafoni. Ni basi la usiku mmoja tu. Watoto watatu waje huku, watatu waende kule, na mazoezi yatafanyika kwa Kiswahili bila shida yoyote, "anza tena pale juu", "taratibu", "wewe wa chelo punguza".

Sasa nimalizie habari ya binti yetu, manake haikuishia kwenye cheti.

Siku ya fainali kulikuwa na mama mmoja anapiga chelo, kumbe mchana ni nesi, akanifuata nje akaniuliza huyu wa tarumbeta ni wako? Nikasema ni mpwa wangu. Akasema mleteni Alhamisi jioni tukimaliza mazoezi ya orkestra, nitawaomba wenzangu wampe robo saa. Nikaenda Nasser Road nikachapisha karatasi za orkestra, za Haydn hazina tena hakimiliki unazichapisha tu, nikachapisha za nyuzi peke yake kwasababu hao ndo walikuwa wamekubali kubaki. Watu kumi na moja. Wengine walikuwa wameshaanza kufunga vyombo wakavitoa tena kwenye makasha.

Akasimama. Kiongozi akauliza tuanzie wapi, unapoingia? Nikaona anataka kukubali, manake kwenye simu siku zote alikuwa anauruka ule mwanzo aende moja kwa moja kwenye solo, ili asipoteze data na chaji. Yule mama wa chelo akasema hapana, toka mwanzo. Vayolini zikaanza. Nilimwona uso unabadilika, alikuwa hajawahi kusikia nyuzi zikitetemeka hatua mbili kutoka kwake, na akasahau kuhesabu. Ikafika pale pa kuingia, kimya. Vayolini zikaendelea kidogo zikasimama. Akasema samahani, kiongozi akasema usiombe samahani, hata mimi mara ya kwanza nilikuwa nasikiliza.

Mara ya pili kaingia mahali pake lakini noti zinatoka chini kidogo ya zile za vayolini, tarumbeta lilikuwa limepoa mikononi kwa kule kusubiri kote, kitu ambacho simu haikuweza kumfundisha kwasababu hakuwahi kusubiri. Mwenzake mmoja wa vayolini akamwonyesha kwa ishara, pulizia ndani hewa ya moto kimyakimya wakati unahesabu, na lile bomba la kutyuni lisukume ndani kidogo. Mara ya tatu do re mi zikaja safi, na wakaenda nae mpaka kwenye ile sehemu ambayo siku zote anapumua mbio mbio ili asiachwe. Akapumua mbio mbio, akaingia kabla yao. Kiongozi akasimamisha, akamwambia hapo vuta pumzi yako yote mpaka ijae, sisi tupo. Wakarudia. Akavuta pumzi ndefu mpaka mabega yakapanda, na watu kumi na moja wote wakashikilia upinde juu ya nyuzi, hakuna aliyesogea, mpaka alipoanza.

Ilikuwa saa tatu kasoro usiku, askari wa geti kashakuja mara mbili na funguo. Kwenye boda tukirudi, yeye katikati na kasha la tarumbeta kalikumbatia kifuani, alikaa kimya mpaka tunapita Wandegeya ndo akaniambia kwa sauti ya juu kushinda injini, mjomba, walinisubiri.